Kabodi ka bluu ka LM2596 kulisha SIM800L: miezi nane bandani kwa shangazi

Wakuu, hii ni ripoti ya kitu cha elfu tano. Najua maelezo yatakuwa marefu kuliko bei yake, ila haka kabodi kamenigombanisha na shangazi yangu mara mbili na kutupatanisha mara moja, kwa hiyo nina haki ya kukasema.

Ni kale ka bluu ka kushusha umeme, urefu wake kama kidole gumba, kana chipu ya LM2596 yenye miguu mitano, koili moja nyeusi, kapasita (kile kitunza chaji cha muda mfupi) moja upande wa kuingilia na nyingine upande wa kutokea, na kaboksi kadogo kenye skrubu ya shaba unayoizungusha na bisibisi mpaka mita isome volti unazotaka. Ingia duka lolote la vifaa vya elektroniki Kariakoo useme "nipe ya kushusha volti", watakupa haka bila hata kukuuliza unaenda kufanyia nini, na hapo ndo balaa linapoanzia, maana kushusha volti kwa ajili ya taa ni jambo moja na kushusha kwa ajili ya kitu kinachorusha mawimbi hewani ni jambo lingine kabisa.

Kazi yangu ilikuwa hivi. Shangazi anafuga kuku Mlandizi, ana mashine ya kutotolesha ya mayai kama mia tatu, na mashine ile ikikosa umeme usiku bila mtu kujua joto linashuka kutoka 37.5 taratibu, asubuhi unakuta mayai yamepoa kama ya dukani. Yai la kuku linakaa mashineni siku 21, kwa hiyo ukipata hasara siku ya 15 umepoteza mayai, umepoteza umeme wa wiki mbili, na kuna watu walishatoa advansi ya vifaranga wanakupigia simu kila siku. Akaniomba nimtengenezee kitu cha kumtumia meseji umeme ukikatika. Nikamwambia shangazi hiyo kazi ndogo, wikiendi moja tu. Zilienda wikiendi tano.

Cha kutumia meseji nilichukua SIM800L, ile moduli ya 2G ndogo kama stempu, mafundi wengi wanaijua, inawekwa kwenye alamu za nyumba, pampu za maji, vifaa vya kufuatilia pikipiki. Laini nikasajili kwa kidole cha shangazi na namba yake ya NIDA, kwa hiyo kisheria anayemtumia shangazi meseji usiku wa manane ni shangazi mwenyewe.

Sasa kabla sijasema kabodi ni kazuri au kimeo, lazima niseme kanalisha nini.

Ndani ya SIM800L kuna amplifaya ya kurusha, ile sehemu ya mwisho kabisa kabla ya antena, na hiyo ndo inayokula umeme, vingine vyote mle ndani vinalamba tu. Kwenye masafa ya megahezi 900 inaweza kurusha mpaka wati 2, kwenye 1800 mpaka wati 1. Ukisikia wati 2 unaona ni kitu gani, hata taa ya chumbani inazidi. Ila hairushi mfululizo. Kwenye GSM simu nane zinagawana chaneli moja kwa zamu, kila simu ina zamu yake ya mikrosekunde 577 kisha inanyamaza ikisubiri wenzake saba wamalize, mzunguko mzima ni milisekunde 4.615. Maana yake simu ikiwa inaongea inapiga kelele mara 217 kwa sekunde, kelele fupi fupi na kali. Hiyo 217 unaijua vizuri tu, ndo ile "dudu-dududu-dududu" iliyokuwa inalia kwenye spika ya redio sekunde mbili kabla simu haijaita, sisi wa enzi za kitochi tulikuwa tunajua kuna mtu anapiga kabla mwenye simu hajajua.

Kila kelele moja inaweza kuvuta ampea 2. Waliotengeneza moduli wanasema wazi kabisa: ipe volti kati ya 3.4 na 4.4 na chanzo chako kiweze ampea 2 bila kuyumba. Ikishuka chini ya hapo inalalamika, ikizidi kushuka inajizima. Sasa piga hesabu ya kawaida, ampea 2 kwa sehemu moja ya nane ya muda, wastani ni robo ampea. Na mita yako hiyo ya mezani inasoma wastani! Unaona 0.25 unasema aah, hii si hata chaja ya kitochi inaweza. Haiwezi. Ni sawa na kuhesabu abiria wote wa Mbagala wa siku nzima ukawagawa kwa masaa 24 ukatangaza kosta chache zinatosha, wakati watu wote wanataka kutoka saa kumi na mbili asubuhi.

Ndo maana wale wanaotumia AMS1117, chipu nyingine ya kushusha volti, kulishia hii moduli kila siku wanalia, ile mwisho wake ni ampea 1. LM317 nayo ni 1.5 na inataka volti kama mbili za ziada juu. Kabodi ka bluu kwenye karatasi kanabeba ampea 3, mwanzoni nikaona nimemaliza mchezo.

Jaribio la kwanza nilifanya ujinga, niseme ukweli. Nilichukua chaja ya simu ya volti 5, nikapitisha kwenye pawabenki ili umeme ukikatika pawabenki iendelee, toka hapo nikaingia kwenye kabodi nikazungusha skrubu mpaka 4.1, nikaingiza kwenye moduli. Mita inasoma 4.1 safi kabisa. Taa ya moduli ikaanza kupepesa kila sekunde moja, hiyo ni ishara inatafuta mtandao, inapepesa mara saba nane, inazima, inaanza upya. Ikishika mnara inatakiwa ipepese mara moja kila sekunde tatu hivi, sikuwahi kuiona hiyo kila sekunde tatu mpaka nikaanza kudhani laini imefungiwa.

Hapa kabodi halikuwa na kosa, kosa langu. LM2596 ni chipu ya zamani, ya enzi za National Semiconductor kabla Texas Instruments hawajainunua kampuni hiyo mwaka 2011, na swichi yake ya ndani ni ya transista za mtindo wa zamani, sio mosfeti, zile transista za kisasa zisizokula volti nyingi, kwa hiyo ikibeba mzigo mkubwa inabakiza volti 1 na kitu kwa ajili yake yenyewe. Chipu yenyewe ina kiingilio. Ukiipa 5 kwenye kilele haiwezi kukupa zaidi ya 3.8 hata ufanyeje skrubu. Sasa waya wa chaja nao umekula, mlangoni imefika 4.6, inatoka 3.5, nyaya za jampa zinachukua chao, moduli inafikiwa na 3.2 inakata roho. Yote hayo yanatokea ndani ya nusu milisekunde na kurudi, mita iko pale inakutazama na 4.1 yake kama hakuna kilichotokea.

Nikaibana bana kwa kubandika kapasita kubwa, ikashika mtandao, nikapeleka hivyo hivyo Mlandizi. Kosa la pili. Pawabenki nyingi zikiona mzigo mdogo zinadhani simu imejaa, zinajizima. Umeme ukakatika usiku, pawabenki nayo ikalala, kidude kikalala, shangazi akalala. Asubuhi simu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mwanangu, hiki kidude chako kinalala kuliko mimi."

Bahati ilikuwa siku ya pili ya mayai na umeme ulirudi baada ya masaa machache, hasara haikuwa kubwa. Lakini maneno niliyapata.

Jaribio la pili nikafanya kiutu uzima. Betri ya volti 12 ya ampea-saa 7, zile za UPS, na chaja yake, toka betrini naingia kwenye kabodi. Kwenye volti 12 kile kiingilio cha volti 1 hakina maana yoyote, nafasi ipo ya kutosha. Nikaweka nyumbani Tabata wiki nzima, nachomoa umeme, meseji inaingia, narudisha, meseji inaingia, nilifanya hivyo zaidi ya mara thelathini na haikukosea hata moja. Nikaanza hata kufikiria kuuza.

Nikapeleka Mlandizi, nikaning'iniza ukutani bandani, nikachomoa umeme mbele ya shangazi kwa mbwembwe zote. Kimya. Taa ya moduli ikazima ikawaka. Kimya tena. Halafu baada ya dakika kama mbili simu ya shangazi ikalia, meseji imeingia: joto la mashine ni nyuzi 85.

Alikimbia na kanga inaburuza. Mashine ipo 37 na nukta, mayai yametulia.

Hiyo 85 kwa wasioijua ni tabia ya sensa ya joto ya DS18B20, ikikosa umeme kidogo ikaanza upya, namba ya kwanza iliyomo kwenye kumbukumbu yake ni nyuzi 85, ukisoma kabla haijapima ndo unaipata hiyo. Sensa nilikuwa nimeichukulia umeme palepale kwenye laini ya moduli. Kwa hiyo sensa ilikuwa inaniambia kitu cha kweli kabisa, ila sio kuhusu mayai. Ilikuwa inasema umeme wa hii laini unaanguka.

Swali ni kwa nini Tabata hauanguki na Mlandizi unaanguka, kifaa kile kile, betri ile ile. Nikaiuliza moduli nguvu ya mtandao, amri ya AT+CSQ, Tabata nilikuwa napata 24, pale bandani 8, bati juu, ukuta wa tofali, mnara uko mbali. Na hapa ndo penye siri ambayo mafundi wengi tunaisahau: mnara ndo unaoiambia simu irushe kwa nguvu kiasi gani. Ukiwa karibu unaambiwa nong'ona, ukiwa mbali unaambiwa piga kelele uwezavyo. Juu ya hapo mjini mara nyingi unadaka 1800 ambako mwisho ni wati 1, na kijijini unadaka 900 ambako mwisho ni wati 2. Ina maana zile mara thelathini nilizojaribu Tabata nilikuwa najaribu amplifaya iliyolala nusu. Sikuwa nimejaribu kitu. Ndo maana hata simu yako ukienda nayo kijijini kwenu mtandao wa kuchungulia inapata moto mfukoni na chaji inaisha mchana, na ile simu yenye betri iliyochoka ina asilimia 20 unapiga tu inazima, betri haijaisha, imeshindwa kubeba kelele.

Nikarudi Dar na aibu yangu. Nina rafiki yuko kwenye karakana ya chuo kimoja ana osiloskopu, mashine inayochora volti zinavyopanda na kushuka, nikamwomba nusu saa tukakaa masaa manne. Shida ya kwanza ni kwamba chuoni mtandao umejaa, kilele hakionekani. Tukaenda kuazima sufuria kwa mama ntilie wa pale nje, tukaweka moduli na antena yake ndani, tukafunika na mfuniko tukiacha upenyo kidogo wa nyaya, CSQ ikashuka mpaka 9. Mlandizi ndogo tukawa nayo mezani. Kisha tukapiga simu badala ya kutuma meseji, kwa sababu meseji inarusha vipande vichache vichache na simu inarusha kila zamu bila kukosa, unapata picha iliyotulia.

Meno kama ya msumeno. Kila milisekunde 4.6 laini ya 4.1 inachimbika shimo mpaka 3.1, nyingine zinagusa 3.0, halafu inapanda pole pole. Mita pembeni: 4.02. Nilitamani kuitupa dirishani.

Tukaanza kutafuta shimo linatoka wapi, na tulikuta sehemu tatu.

Ya kwanza ni nyaya za jampa, zile nyembamba za rangi rangi zenye vipini. Waya na viungio vyake kwenda na kurudi tulipata kama omu 0.2, mara ampea 2 ni volti 0.4 imepotea njiani, na hiyo ni bure kabisa, hata ungekuwa na chanzo cha kituo cha umeme. Tukakata tukaweka waya mnene wa sentimita tano na kuchomelea kwa risasi moja kwa moja.

Ya pili ni kapasita ya kutokea ya kabodi. Imeandikwa mikrofaradi 220. Hesabu ya haraka: ampea 2 kwa mikrosekunde 577 ni kama milikulombu 1.15, ukitaka hiyo yote itoke kwenye 220 peke yake inaishiwa kabla kelele haijaisha, kwenye 1000 inashuka volti 1.15, kwenye 2200 inashuka nusu volti. Bila shaka kabodi kenyewe kanasaidia kujaza wakati huohuo, ila kanachelewa kushtuka. Na sio ukubwa tu, kapasita za bei chee zina ukinzani wa ndani, ukiwa na omu 0.2 tu basi mara ampea 2 umeshapoteza 0.4 nyingine pale pale mwanzoni mwa kelele kabla hata chaji haijaanza kupungua.

Ya tatu ndo iliyoniuma. LM2596 oriji inakata umeme mara 150,000 kwa sekunde. Yetu tulipima tukakuta elfu hamsini na kitu. Chipu imeandikwa LM2596, nembo imepigwa vizuri, ila ndani ni kitu kingine kinachokwenda theluthi ya mwendo. Ikienda taratibu hivyo na koili ndogo iliyowekwa pale mawimbi madogo ya umeme yanakuwa makubwa, na ikipigwa na mzigo wa ghafla inachelewa kujibu. Duka nililonunua sitalitaja na sidhani kama hata wao wanajua, wao wanapokea boksi wanauza. Lakini niliporudi kununua kabodi kengine duka tofauti na tukakapima, hako kalikuwa na kilohezi 150 kabisa, na shimo likapungua bila kubadilisha kitu kingine chochote. Bei tofauti buku mbili. Kwa macho huwezi kutofautisha, mi nimeshindwa, nimeviweka vyote viwili mezani nikavichanganya nikashindwa kujua kipi ni kipi.

Kwa hiyo jaribio la tatu: kabodi kenye chipu inayoenda mwendo wake, waya mfupi mnene, na pale kwenye miguu ya moduli nikaweka kapasita mbili za mikrofaradi 1000 nilizochomoa kwenye mazabodi mbovu ya kompyuta, zile za kopo lisilo na plastiki juu, ukinzani wake wa ndani ni mdogo sana. Angalia tu imeandikwa volti 6.3, mle kwenye mazabodi kuna nyingi za 2.5, ukiiweka hiyo kwenye 4.1 utaisikia. Pembeni yake nikaweka na za seramiki ndogo, ya nanofaradi 100 na ya pikofaradi 33, hiyo ya 33 ni kwa ajili ya kuzuia mawimbi ya antena yenyewe yasirudi kupitia nyaya. Angalizo moja la kitaalamu kidogo: kapasita hizo nzuri usizibandike kwenye mguu wa kutokea wa kabodi ukatoa ile ya kwake, LM2596 imetengenezwa ikitegemea kapasita yenye ukinzani kiasi ili itulie, ukiiwekea zilizo safi kupita kiasi inaweza kuanza kuyumba yenyewe. Acha ya kwake ikae, zako weka upande wa moduli, ule waya mfupi katikati unatosha kuwatenganisha. Sensa nikaitafutia umeme wake mbali na ugomvi huo.

Kwenye sufuria tukaona shimo linaishia 3.8. Nikapeleka.

Hiyo ni miezi nane iliyopita. Umeme umekatika mara nyingi nisizohesabu na kila mara meseji imeingia. Nyuzi 85 hatujaziona tena. Nikaweka na amri ya AT+CBC ambayo moduli inajipima volti zake yenyewe, kila Jumapili inanitumia, haijashuka chini ya 4.0, ingawa hiyo nayo inapima ikiwa imetulia kwa hiyo msiiamini sana.

Sasa kabodi nakapa ngapi. Kama unatokea volti 12 au zaidi, na umebahatika chipu ya kweli, na uko tayari kuongeza kapasita mwenyewe, saba juu ya kumi, kwa elfu tano mpaka saba hupati kitu kigumu kama hiki, kimekaa bandani kwenye vumbi la pumba na joto la bati na hakijatikisika. Kama unatokea volti 5, sifuri, usijisumbue kabisa, hata iwe oriji. Kama hujui uliyonunua ni oriji au feki basi andaa kapasita mara mbili ya nilizosema.

Nilichokatoa maksi kingine ni ulaji wake wakati wa kukaa tu. Chipu peke yake bila kulisha chochote inakula kama miliampea 5, wakati moduli ikilala vizuri inakula kama 1. Yaani mlinzi anakula kuliko mwenye nyumba. Kwa shangazi haina shida, betri iko kwenye chaja muda wote, ila jirani yake aliponiomba nimwekee ya tenki la maji inayotumia sola ndogo nikakaacha kabodi ka bluu nikachukua kale kadogo zaidi ka MP1584. Hako kana swichi ya mosfeti, kwa kukaa tu chipu yake inalamba kama mikroampea 100, na kanakata umeme kwa kasi kubwa zaidi kwa hiyo kanashtuka mapema. Ubaya wake ni kadogo mno, skrubu yake ukipumua imehama, mi niliweka 4.1 nikafunika boksi, nilipofungua ilikuwa 4.3. Bado iko ndani ya mipaka lakini moyo ulinienda mbio. Siku hizi nikishapata volti ninazotaka naipaka rangi ya kucha ya mke wangu, haijui bado.

Na kuna njia ya tatu ambayo ningekuwa na akili ningeanza nayo. Seli moja ya lithiamu ya 18650 nzima, moja kwa moja kwenye moduli, bila kabodi kokote. Ikijaa ni 4.2, moduli inaanzia 3.4, zinaendana kama zimezaliwa pamoja, na si bahati, mipaka hiyo ya moduli imepangwa kufuata betri ya simu. Seli nzima ukinzani wake wa ndani ni mdogo, inatoa ampea 2 bila kukunja uso. Simu za GSM za zamani ndo zilikuwa hivyo, amplifaya inanyonya betrini moja kwa moja. Hizi za 4G mambo yamekuwa magumu zaidi, wimbi lake linapanda na kushuka muda wote kwa hiyo ukiipa amplifaya volti zilezile muda wote nyingi zinageuka joto, wakaja na chipu ya umeme inayolifuata wimbi lenyewe, linapopanda inapandisha volti na linaposhuka inashusha, Samsung Galaxy Note 3 ya 2013 ilikuwa nayo, ya Qualcomm. Ukimpelekea fundi simu ya 4G inayoshika mtandao mjini na kuukosa ukitoka nje ya mji, mwambie aanze kuangalia huko kwenye umeme wa amplifaya kabla hajakuuzia antena mpya.

Kilichonizuia 18650 ni kwamba za mtaani nyingi ni za kuchomolewa kwenye betri za laptopu, na banda lina pumba na makapi kila mahali, sikutaka seli nisiyoijua historia yake ining'inie pale usiku kucha inachajiwa na mtu hayupo.

Wiki iliyopita nilipita Mlandizi kuangalia tu. Kidude kipo ukutani, kimejaa vumbi na utando wa buibui, taa inapepesa kila sekunde tatu. Pale juu ya rafu shangazi ana redio anayowawashia kuku, nikasikia "dududu-dududu" ndani ya taarabu, nikajua kinarusha, nikageuka nikamuona kashachomoa plagi ya mashine makusudi na simu kaishika mkononi, anasubiri. Ikaita. Akanionyesha kioo, namba ya kidude ameisevu kwa jina la Kuku.

"Huwa nakijaribu kila Ijumaa," akasema, "wewe uliniambia kwako kilikuwa kinafanya kazi."